Jina Moja kwa Chura wa Kalumbi

Sogeeni karibu, na mwenye maneno mengi ayaweke akiba, maana mwishoni tutayahitaji. Hii ni habari ya watu watatu na zawadi moja isiyogawanyika.

Wa kwanza ni Genofeva Sichalwe, mwalimu wa shule ya Mpata na kiongozi wa kwaya ya kanisani. Huyu alijaliwa masikio. Kanisa zima likiimba, yeye alijua nani kateleza nusu sauti, na alimjua bila kugeuka.

Wa pili ni Desideri Kapele, jirani yake, aliyewahi kuimba besi kabla hajaacha kanisa. Huyu alijaliwa mikono na miguu. Hapakuwa na genge lililomshinda kulipanda wala mto uliomshinda kuuvuka. Njia zote za milimani alizijua kwa sababu ambayo watu waliisema kwa kunong'ona: kwa miaka mingi Desideri alipasua mbao msituni bila kibali.

Wa tatu ni Daktari Adventina Rwegoshora, mtaalamu wa vyura katika jumba moja la makumbusho, mbali sana mjini. Huyu alijaliwa macho. Ungemwekea mezani vyura wawili waliofanana kama punje mbili za ulezi, angekwambia huyu ni wa ukoo huu na yule ni wa ukoo ule, na asingekosea.

Mpata ni kijiji cha mwisho. Barabara inakomea hapo, tena barabara yenyewe ya kubahatisha. Ng'ambo ya kijiji kuna korongo la mto Lwazi, na juu ya korongo kuna msitu wa Kalumbi, wenye mianzi na ukungu usiokatika. Maji yote ya Mpata yanatoka huko. Watu wa kijijini hawakuwa na desturi ya kupanda Kalumbi, maana ni mbali na panateleza. Watafiti nao hawakuwahi kufika. Walikuwa wakiishia mjini, wanauliza habari za barabara, wanatikisa kichwa, wanarudi walikotoka.

Siku moja tume ya mipango ya ardhi iliita mkutano katika ukumbi wa wilaya, na kijiji kikamtuma Genofeva. Ramani iliangazwa ukutani. Upande wa mashariki wa nchi milima ilikuwa ya kijani, imenyunyiziwa vitone vyeusi kama ufuta juu ya mkate, kila kitone ni mnyama au mmea ulioandikwa na mtafiti. Kalumbi ilikuwa nyeupe tupu.

"Palipo kijani patahifadhiwa," akasema ofisa wa ramani, kijana mpole mwenye miwani. "Palipo peupe, kama hapa, hapana viumbe vya pekee. Patafyekwa, papandwe mikaratusi ya nguzo za umeme."

Genofeva akasimama. "Samahani, mwanangu. Hapana viumbe, au hapana aliyekwenda kuviangalia?"

Ofisa aliigeukia ramani yake. Hakuwa mtu wa hila. "Mama, kusema kweli, kompyuta haijui tofauti hiyo. Inasoma vitone. Pasipo na kitone inaweka nyeupe."

"Na hivyo vitone anaviweka nani?"

"Watafiti. Nao huenda palipo na barabara na mahali pa kulala. Tena hupenda kwenda walikokwenda wenzao, wapate cha kulinganisha."

"Kwa hiyo sisi tutafyekewa msitu kwa kosa la kukosa barabara."

Watu wakacheka. Genofeva hakucheka. Aliuliza ni lini tume itatia saini, akajibiwa: kabla mvua za mwaka huo hazijakatika. Akauliza nini kingeweza kuibadilisha rangi ile. Ofisa akavua miwani, akaifuta. "Kiumbe kimoja tu, mama, kisichopatikana kwingine. Lakini kithibitishwe."

Basi, Genofeva alirudi Mpata na kitu moyoni, maana alikuwa amekwisha kusikia jambo. Masika yaliyopita alikwenda na kamati ya maji kusafisha chanzo chini ya korongo. Mvua ilikuwa ikimwagika, na kutoka ng'ambo, juu kwenye mianzi, alisikia kiumbe kikiimba. So, mi. Kimya. Kisha do ya chini, fupi, kama mtu agongaye chupa tupu kwa kijiko. Vyura wa Mpata aliwajua tangu utotoni, nao huimba sauti moja tu. Huyu alikuwa na tatu. Wenzake walimwambia ni ndege. Genofeva alijua si ndege, ila wakati ule hakuona sababu ya kubishana.

Sasa sababu ilikuwepo. Mvua za kwanza zilipoanguka, alikwenda ukingoni na simu yake ndani ya mfuko wa plastiki, akasimama analowa mpaka kiumbe kilipoimba. Akairekodi sauti ile na kuituma kwenye jumba la makumbusho. Kwa muda hakupata jibu. Akaituma tena, na tena. Hatimaye simu ikalia.

"Mwalimu, naitwa Adventina Rwegoshora. Sauti hii umeichukua wapi?"

"Kalumbi."

"Kalumbi iko wapi?"

Genofeva akashusha pumzi. "Hapo ndipo ugonjwa wetu ulipo, Daktari."

Adventina alieleza kwamba ameilinganisha sauti hiyo na zote walizonazo, na haimo. Lakini kiumbe kipya hakiandikwi kwa sauti peke yake. Lazima aonekane, ashikwe, apimwe. "Nitakuja kiangazi," akasema, "njia ikikauka."

"Kiangazi haimbi. Asipoimba hatumpati, na tume haitusubiri."

Adventina alikuwa amepangiwa safari nyingine majira yaleyale, msafara mkubwa wa milima ya mashariki, kwenye ile milima ya vitone vingi. Wakubwa wake walikuwa wamemwambia wazi kwamba cheo chake kinategemea msafara huo. "Mwalimu," akasema mwishoni, "una hakika na ulichosikia?"

"Kama ninavyolijua jina langu."

Adventina alifika Mpata na matope hadi magotini, begi kichwani. Nafasi yake kwenye msafara alikuwa amepewa mtu mwingine.

Ikabaki kuvuka Lwazi. Wakati wa mvua mto ule hufura mpaka unanguruma. Ni mtu mmoja tu aliyewahi kuuvuka katika hali hiyo, na kila mtu alijua alivuka kufuata nini. Genofeva alimkuta Desideri uani kwake akinoa shoka.

"Unajua unachoniomba, Mwalimu?" Desideri hakuinua uso. "Pakiwa hifadhi, mimi nitakula wapi?"

"Pakiwa mikaratusi, wanao watakunywa wapi?"

Desideri aliendelea kunoa. Jiwe lilikwenda, likarudi. "Miaka yote hiyo hukunisemea kwa watu wa misitu," akasema. "Kwa nini?"

"Nilikuwa naingoja besi yangu irudi kanisani."

Akacheka, akaliweka shoka chini. "Niletee kamba nene. Zote mtakazopata. Asubuhi tunaondoka."

Sikilizeni sasa alichofanya kila mmoja.

Asubuhi ile Lwazi ulikuwa umebeba magogo. Desideri aliukagua mto kwa muda mrefu, akapanda na ukingo mpaka mahali ambapo korongo linabana. Hapo ulisimama mti wa podo, mrefu, umeinamia ng'ambo. Aliukata kwa namna ambayo ulipoanguka ncha yake ilikwama katikati ya miamba miwili upande wa pili. Akatangulia kuvuka, akafunga kamba, akaliacha shoka huko, akarudi.

"Nitashikilia shina lisizunguke," akasema. "Piteni mmoja mmoja. Msitazame maji."

Genofeva alipita akitambaa, midomo ikimtetemeka kwa sala. Adventina alikuwa katikati ya mti wakati gogo lililokuja na maji lilipoupiga mti kwa chini. Shina likaruka, likateleza. Desideri angeweza kuuondoa mkono wake. Hakuuondoa. Mti ulitulia juu ya jiwe, na mkono wake ukawa kati ya mti na jiwe.

Adventina alifika ng'ambo salama. Kisha wote wawili wakaona jinsi Desideri alivyouchomoa mkono, akauviringisha kwa shati, akavuka taratibu kwa mkono mmoja. Uso ulikuwa umegeuka rangi ya majivu.

"Turudi," akasema Genofeva. "Kaka, turudi. Uende hospitali."

"Maji yanapanda. Tukirudi leo, mti huu kesho haupo. Wala huko juu hamuijui njia." Akaliokota shoka kwa mkono mzima. "Twendeni."

Aliwapandisha kwa vijia ambavyo yeye peke yake aliviona, na adhuhuri wakaingia kwenye mianzi.

Huko juu ukungu ulikuwa mzito na mvua ikipiga majani kwa kelele moja isiyo na mapengo. Vyura walikuwa maelfu. Adventina alisimama, akageuka huku, akageuka kule, akakata tamaa. "Mwalimu, mimi nasikia fujo tupu."

Genofeva alifumba macho. Alifanya kama anavyofanya kwaya ikivurugika: aliwanyamazisha kichwani mmoja mmoja. Aliondoa mvua. Akaondoa wale wa sauti nzito kwenye madimbwi, akaondoa wale wa kutetemesha kwenye majani, akaondoa ndege. Ilimchukua muda. Baridi ilimwingia mifupani, na nyuma yake alimsikia Desideri akisaga meno, lakini hakufumbua macho. Mwishoni, mbali kidogo na chini kidogo, ikabaki: so, mi.

Akatembea kuifuata kama mtu anayeshikwa mkono. Walipokaribia, sauti ikakatika. Mianzi ilikuwa mamia, yote sawa, na mingi ilikuwa na matundu na maji ndani. Wangepasua mingapi?

Genofeva akaimba. Aliimba kwa sauti ndogo, so na mi, akaacha kimya kile kile alichokisikia mwaka uliopita. Na kutoka kwenye kichaka cha mianzi karibu na goti lake ikajibu do ya chini.

Desideri akaukata mwanzi wa mbele kwa mkono mmoja. Humo majini akatoka chura wa kahawia, mdogo kama kifundo cha kidole gumba. Desideri alicheka kwa sauti. "Tumempata! Mfungeni tuondoke."

Adventina alimweka kiganjani, akamgeuza, akatazama nyayo, akatazama tumbo. Akamrudisha majini.

"Huyu siye."

"Siye vipi?"

"Huyu ni wa kawaida, nchi nzima yupo. Ameingia humo kutafuta maji. Mwimbaji ni mwingine."

Desideri alimsogelea, mkono ule uliofungwa ukichuruzika damu. "Mkono wangu unaharibika, dada, na wewe unatupa chura! Nani huko mjini atajua?"

"Mimi nitajua." Adventina hakusogea. "Na kutakuwa na mwingine kama mimi kwenye tume. Tukimpeleka huyu watatucheka, ramani itabaki nyeupe, na mkono wako utakuwa umeumia bure. Nivumilie kidogo, kaka. Nakusihi."

Hapo Genofeva alitamani kumwunga mkono Desideri, maana aliiona damu. Lakini akageuka tena kwenye mianzi, akaimba, na do ikajibu. Adventina akapiga magoti kwenye matope, akachungulia tundu baada ya tundu kwa tochi yake ndogo, mpaka alipoingiza vidole polepole na kumtoa chura mwingine. Kwa Genofeva alikuwa chura yuleyule. Kwa Desideri alikuwa chura yuleyule. Adventina alimtazama, na machozi yakamtoka. Vidole vya mbele havikuwa na utando. Chini ya jicho palikuwa na mstari mweupe mwembamba kama uzi. Mgongoni alibeba viluwiluwi vyake, vimeng'ang'ania kama watoto waliobebwa mbeleko.

"Karibu," akamwambia yule chura. "Karibu sana."

Waliteremka na chura huyo kwa tabu na kuvuka kabla maji hayajauchukua mti. Hospitalini Desideri alikatwa vidole viwili. Adventina alirudi mjini, akajifungia na vyura wa makabati yote ya makumbusho, akalinganisha, akapima, akaandikia wataalamu wenzake wa nchi jirani. Jibu likawa moja: chura huyu hajawahi kuandikwa popote.

Siku ya tume alisimama yeye. Aliweka picha ya chura, akawasikilizisha sauti yake, akasema anachokijua. Kisha akasema asichokijua. "Nimekaa Kalumbi siku moja tu, nikampata huyu. Kuna nini kingine, sijui. Wala ninyi hamjui. Nyeupe kwenye ramani hii si rangi ya utupu. Ni rangi ya sisi kutokwenda."

Wajumbe walibishana hadi jioni, maana wenye mikaratusi nao walikuwa na watu wao ukumbini. Mwishowe yule ofisa wa miwani akapendekeza mwenyewe: Kalumbi ipakwe kijani, na kila mahali peupe nchini papewe rangi ya kijivu, maana yake hapajakaguliwa, na pasikatwe mti mpaka mtu aende akaangalie. Tume ikakubali. Genofeva, aliyekaa safu ya nyuma, aliificha sura yake ndani ya khanga.

Sasa zawadi. Kiumbe kipya hupewa jina mara moja tu, na jina hilo halifutwi. Litasomwa hata wajukuu wa wajukuu wakiwa hawapo. Haki ya kulitoa ilikuwa ya Adventina. Yeye akaja Mpata na kusema mbele ya wanakijiji waliojaa darasani: "Chura ni wenu. Chagueni ninyi. Jina la mtu mmoja."

Mzee mmoja akauliza kwa nini asiitwe tu kwa jina la Kalumbi. Mwenyekiti akakataa. "Kalumbi sasa imo kwenye ramani, haitasahaulika. Watu ndio husahaulika."

Basi mabishano yakaanza.

"Apewe Mwalimu Genofeva," wakasema wanakwaya. "Bila masikio yake nani angejua kuna kitu? Na huko juu nani angempata?" Wengine wakajibu: "Kusikia alisikia tangu mwaka jana, akanyamaza. Hata angeimba mpaka sauti ikauke, asingevuka Lwazi."

"Apewe Desideri," wakasema vijana. "Wenzake walitoa sauti na macho, wamerudi nayo. Yeye alitoa vidole, havikurudi. Na riziki yake aliizika kwa mkono huohuo." Wengine wakajibu: "Huyu aliyeukata msitu miaka yote ndiye msitu umkumbuke milele? Hata siku hiyo ya kuuokoa aliangusha podo!"

"Apewe Daktari," wakasema wanawake wa kamati ya maji. "Bila macho yake tungepeleka chura wa dimbwini tukachekwa. Na cheo chake alikipoteza." Wengine wakajibu: "Hiyo ni kazi yake, aliisomea. Tena si mtu wa hapa." Na wengine tena: "Ndiyo sababu! Alikuwa na pa kwenda penye barabara, akaja kwetu."

Adventina akasema kwamba miongoni mwa wasomi si desturi mtu kumpa kiumbe jina lake mwenyewe, lakini kijiji kikichagua, hakuna sheria inayokataza. Alisema hivyo akitazama chini, na Genofeva, mwenye masikio yale, alisikia ndani ya sauti yake kwamba angefurahi.

Mwenyekiti akawaambia watu wajigawe, kila aliyetajwa na kona yake. Desideri, bandeji mkononi, alikwenda kusimama kwenye kona ya Genofeva; Adventina, kwa kuwa ni mgeni, akakaa mbele ya ubao bila kuhesabiwa. Watu wakahesabiwa, wakahesabiwa tena. Kona zote tatu zilikuwa sawasawa. Aliyebaki hajasogea, katikati ya darasa, alikuwa Genofeva mwenyewe.

"Mwalimu," akasema mwenyekiti, "umebaki wewe. Utakakosimama ndipo patakapokuwa."

Na tuseme kweli: alilitaka. Hakujaliwa mtoto, na aliwaza jina lake likiimbwa Kalumbi kila masika, so, mi, na do ya chini. Alitazama bandeji ya Desideri. Alimtazama Adventina, aliyeacha milima ya wote akaja kwenye mlima usioendewa na yeyote. Kona tatu zilimtazama, na mvua ilikuwa imeanza kugonga bati.

Akainua mguu.

Hapo ndipo ninapoishia mimi na mnapoanzia ninyi. Yatoeni sasa yale maneno mliyoyaweka akiba. Aliyesikia, aliyevusha, na aliyetambua: mmoja tu asingekuwepo, Kalumbi leo ingekuwa mikaratusi. Jina ni moja. Je, wewe ungekuwa Genofeva, ungesimama kona ya nani?